Fedha za mpito kati ya ruzuku moja na nyingine: mwongozo kwa mtafiti wa chuo kikuu

Kila mwaka, mradi mkubwa unapokaribia ukingoni, hunijia mtafiti mwenzangu akiwa na swali lile lile. Ruzuku inakwisha mwezi wa sita, andiko jipya bado halijajibiwa, wasaidizi wanauliza kama Julai watakuwa na kazi, na jokofu la sampuli haliwezi kuzimwa. Afanyeje? Mara nyingi huuliza zikiwa zimebaki wiki sita. Nimeandika mwongozo huu ili swali liulizwe mapema zaidi, kwa sababu fedha za mpito, yaani fedha kidogo za kulivusha kundi la utafiti kutoka ruzuku moja hadi nyingine, humfikia aliyeanza kuzitafuta mwaka mzima kabla, na humkosa mwenye hoja nzuri aliyebakiwa na mwezi mmoja.

Ninazungumza na mtafiti wa chuo kikuu cha umma nchini Tanzania. Wa Kenya na Uganda watakuta mengi yanawafaa, maana mwaka wa fedha wa serikali huko nako huanza tarehe 1 Julai, ingawa vyeo na majina ya ofisi yanatofautiana. Mifano yangu mingi inatoka katika tafiti za afya na katika ruzuku za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, ambazo ndizo nilizozishughulikia zaidi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanya vitu vifuatavyo katika jalada moja. Kikikosekana kimoja, utasimama katikati ya njia.

- Barua ya tuzo na mkataba wa ruzuku inayoisha, pamoja na marekebisho yake yote.
- Taarifa ya matumizi ya mwezi uliopita kutoka kwa mhasibu wa mradi, ikionyesha salio la kila kifungu cha bajeti. Makadirio yako mwenyewe hayatoshi.
- Orodha ya masurufu ambayo hayajarejeshwa, yenye jina la kila aliyechukua.
- Orodha ya watumishi wa mradi na tarehe ya mwisho ya mkataba wa kila mmoja.
- Vibali vyote na tarehe zake za kuisha.
- Andiko la ruzuku inayofuata, au, kama lilikataliwa, maoni kamili ya wahakiki.
- Sera ya utafiti ya chuo chako, hasa sehemu inayohusu mgawanyo wa gharama za uendeshaji zinazotozwa kwenye ruzuku.

Jambo la mwisho ndilo wengi hulipuuza, nalo ndilo lenye fedha. Nitalirudia katika hatua ya 5.

Hatua ya 1: Lipime pengo kwa tarehe

Chora mstari wa miezi 24. Weka alama siku ruzuku inapoisha, siku unapowasilisha andiko jipya, na siku ya mapema kabisa ambayo fedha mpya zinaweza kufika. Tuchukue mfano wa mradi unaoisha tarehe 30 Juni. Andiko jipya la R01, yaani ruzuku ya kawaida ya NIH kwa mradi wa utafiti, linawasilishwa tarehe 5 Februari. Wahakiki hulipitia Juni au Julai, baraza la ushauri huketi Agosti au Oktoba, na siku ya mapema ya kuanza huwa Septemba au Desemba. Ongeza miezi miwili ya kusaini mkataba, kuupitisha ofisi ya sheria ya chuo na kufungua kasma ya mradi. Ukichukua Desemba kwa tahadhari, pengo lako ni kuanzia 1 Julai hadi mwisho wa Januari, yaani miezi 7.

Hilo ni pengo fupi, la mtu aliyefaulu mara ya kwanza. Andiko likikataliwa Julai, maoni ya wahakiki hukufikia muda mfupi baadaye, nawe unaweza kulirekebisha na kuliwasilisha upya tarehe 5 Novemba. Hapo siku ya mapema ya kuanza inakuwa Julai ya mwaka unaofuata, na pengo linarefuka hadi miezi 14. Andika namba zote mbili. Mtafiti anayekwenda ofisini na namba moja tu, ile ya matumaini, hurudi miezi sita baadaye kuomba tena, na mara ya pili hasikilizwi.

Baada ya tarehe, hesabu kasi ya matumizi. Gawanya salio kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita. Salio la shilingi 46,000,000 kwa mradi unaotumia 9,200,000 kwa mwezi litadumu miezi 5 hata kama mkataba una miezi 8. Nimeona watafiti wakiishika tarehe ya mkataba kama tarehe ya mwisho wa fedha, ilhali fedha zilikwisha robo mwaka kabla.

Hatua ya 2: Omba nyongeza ya muda bila fedha mpya

Daraja la bei nafuu kuliko yote ni salio ulilo nalo. Kama kazi iliyoahidiwa haijakamilika na fedha zimebaki, mfadhili anaweza kukuongezea muda wa kuzitumia bila kukupa nyingine. Ombi lifike kabla ya tarehe ya mwisho ya mradi. Likichelewa hata kwa siku moja linaweza kukataliwa. Eleza kazi iliyobaki, sababu za kuchelewa, na tarehe utakayomaliza. Kuwa na salio peke yake si sababu inayokubalika kwa NIH, na wafadhili wengi wengine wana msimamo huo huo.

Ikiwa wewe ni mshirika unayepokea fedha kupitia chuo kingine cha nje, ombi lako linapita kwa mpokeaji mkuu. Mwandikie walau miezi minne kabla, kwa kuwa naye ana ofisi zake na foleni zake.

Tahadhari. Usinunue kompyuta na samani katika mwezi wa mwisho ili kumaliza salio. Mkaguzi huuliza kifaa kilichonunuliwa wiki mbili kabla ya mradi kufungwa kiliufaa mradi kwa namna gani, na jibu huwa gumu kupatikana. Salio hilo hilo lingelipa mshahara wa mtunza takwimu kwa miezi mitatu.

Hatua ya 3: Chagua vya kulinda

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo maombi mengi huharibika. Mtafiti huomba mradi mzima uendelee kama ulivyo, kwa kasi ile ile, na chuo kinakataa kwa sababu hakina uwezo huo. Fedha za mpito hazikusudiwi kuendesha utafiti mpya. Zinalinda vile ambavyo vikipotea, ruzuku mpya haitaweza kuvinunua tena.

Kwa uzoefu wangu vitu hivyo ni vya namna tatu. Cha kwanza ni watu wenye ujuzi usioandikwa popote. Msaidizi wa utafiti aliyefuatilia kaya kwa miaka sita anajua kwamba nyumba namba 214 imehamia ng'ambo ya mto, kwamba mama wa nyumba ya tatu hapokei wageni siku ya mnada, na kwamba mzee fulani atajibu madodoso baada tu ya kuulizwa habari za shamba lake. Ukimwacha aondoke, utampata mwingine mwenye cheti kizuri zaidi, lakini itachukua mwaka mzima wanakijiji kumzoea, na katika mwaka huo kaya nyingi zitakupotea.

Cha pili ni sampuli na vifaa vinavyohitaji uangalizi wa kila siku. Niliwahi kuitwa kuangalia jokofu la nyuzi -80 katika maabara moja ambayo sitaitaja. Mlangoni palikuwa na karatasi ya kurekodia joto, imejazwa asubuhi na jioni kwa saini ile ile, mstari hadi mstari, hadi Ijumaa moja. Kisha ikafuata mistari mitupu ya siku kumi na moja. Ijumaa ile ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya mkataba wa fundi wa maabara. Umeme ulikatika siku ya Jumatatu, jenereta haikuwa na dizeli, na vichupa vilivyokusanywa kwa miaka minne viliyeyuka na kuganda tena vikiwa vimeshikamana chini ya trei. Mshahara wa fundi yule kwa miezi mitatu ulikuwa kitu kidogo mno mbele ya gharama za kukusanya damu ile, na watu waliotoa damu ile hawakuitoa ili iharibike.

Cha tatu ni mfululizo wa data. Kama unapima kitu kila mwezi kwa miaka kumi, iwe mvua, mbu, bei au uzito wa watoto, pengo la miezi saba litabaki katika kila grafu utakayochora maishani. Tafuta njia ndogo ya kuulinda mfululizo huo: vituo 4 badala ya 20, simu badala ya ziara, vipimo viwili badala ya tisa.

Sasa chukua karatasi, andika kila gharama ya mradi, na mbele yake ujibu swali moja: nikiisimamisha kwa miezi 7, nitaweza kuirudisha? Safari za mikutano, warsha, ukusanyaji mpya wa data, magari na posho za kujikimu zitaondoka zote. Usizionee huruma.

Kuna akiba nyingine zilizo karibu zaidi. Majokofu mawili yaliyojaa nusu nusu yaunganishwe kuwa moja. Jokofu lililojaa hushika baridi kwa muda mrefu zaidi umeme unapokatika, na la zamani linaweza kula karibu uniti 20 kwa siku. Maabara kadhaa duniani sasa huyaweka kwenye nyuzi -70 badala ya -80 ili kupunguza umeme. Usifanye hivyo kabla ya kuthibitisha kwamba itifaki yako na mkataba wa sampuli vinaruhusu.

Hatua ya 4: Hakikisha vibali havifi

Kibali cha maadili ya utafiti kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) hutolewa kwa mwaka mmoja, na leseni ya utafiti ya NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya Kenya, vivyo hivyo. Kutokwenda uwandani hakukuondolei wajibu wa kuhuisha kibali, kwa sababu kuhifadhi sampuli na kuchambua taarifa za watu wanaotambulika nako ni utafiti. Wasilisha ombi la kuhuisha miezi miwili kabla. Weka ada ya kuhuisha katika bajeti ya mpito. Ni fedha ndogo ambayo husahauliwa karibu kila mara.

Hatua ya 5: Jua fedha zinakaa wapi

Anza ndani ya chuo. Ruzuku nyingi hutozwa asilimia fulani kwa ajili ya gharama za uendeshaji. NIH, kwa mfano, huzilipa taasisi za nje ya Marekani asilimia 8 ya sehemu kubwa ya gharama za moja kwa moja. Fedha hizo hugawanywa kati ya chuo, ndaki au shule kuu, na idara, kwa viwango vilivyowekwa na sera ya chuo. Nenda kwa bursa ukaulize, kwa maandishi, mradi wako umechangia kiasi gani tangu uanze na ni kiasi gani kilipelekwa kwenye idara yako. Mtafiti ambaye mradi wake uliingiza milioni 60 kwenye mfuko wa chuo na sasa anaomba 25 anazungumza lugha tofauti na anayeomba msaada.

Mlango wa pili ni ruzuku za ndani za kushindaniwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutenga fedha za namna hiyo, na Makerere ina mfuko wa utafiti na ubunifu unaogharamiwa na serikali ya Uganda tangu mwaka wa fedha 2019/20. Mlango wa tatu ni kugawana mishahara: mwenzako mwenye mradi unaoendelea anaweza kumwajiri mtunza takwimu wako kwa nusu ya muda, kwa kazi halisi ya mradi wake. Huu ndio ninaoupenda kuliko yote. Haumgharimu mtu kitu cha ziada, na unamweka mtumishi karibu.

Mifuko ya taifa, kama ule unaosimamiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) au Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kenya ulioanzishwa kwa sheria ya 2013, ni ya kuombwa kwa mradi kamili. Matangazo yake yana kalenda yake, na hayawezi kuisubiri dharura yako. Iombe, ila usiijengee daraja.

Watu huniuliza pia jinsi ya kuomba tuzo ya R56 ya NIH, kwa kuwa wamesikia kwamba ni ya mpito. Haiombwi. Taasisi za NIH zenyewe huchagua baadhi ya maandiko ya R01 yaliyokosa ufadhili kwa tofauti ndogo ya alama za wahakiki, zikayapa mwaka mmoja au miwili ya kuimarishwa. Unachoweza kufanya ni kuzungumza na ofisa programu wako baada ya kupata alama zako, na kumuuliza anakushauri nini.

Tahadhari. Usikope kutoka mradi mwingine kwa ahadi ya kurudisha ruzuku mpya ikija. Hata kama mwenye mradi huo amekubali, fedha si zake. Vyuo vya umma hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na wafadhili wana wakaguzi wao. Hoja ikiibuka, chuo hurudisha fedha, na jina lako hubaki kwenye majalada kwa miaka.

Hatua ya 6: Andika dokezo la kurasa mbili

Dokezo refu halisomwi. Liwe na mambo matano: mradi umefanya nini, fedha mpya zinatarajiwa kutoka wapi na lini, unaomba kiasi gani kwa ajili ya vitu gani, chuo kitapoteza nini kisipotoa, na utafanya nini fedha mpya zisipokuja. Huu ni mfano wa aya yake kuu, kwa mradi wa kufikirika:

"Mradi wa ufuatiliaji wa kaya 1,200 utafikia mwisho tarehe 30 Juni. Andiko la kuuendeleza liliwasilishwa tarehe 5 Februari, na fedha, likikubaliwa, zinatarajiwa kufikia mwisho wa Januari. Ninaomba Sh. 25,600,000 kwa miezi 7 ili kuwalipa wasaidizi 2 na mtunza takwimu 1, na kulinda sampuli 8,400. Endapo hadi tarehe 30 Novemba hakutakuwa na barua ya tuzo wala alama zinazotia matumaini, nitaanza kuufunga mradi kwa utaratibu ulioambatishwa."

Bajeti yake ingekuwa hivi: wasaidizi 2 kwa 850,000 kila mwezi, jumla 11,900,000, mtunza takwimu kwa 1,200,000, jumla 8,400,000, umeme na dizeli ya jenereta kwa 350,000, jumla 2,450,000, matengenezo ya jokofu 1,800,000 kwa mara moja, simu za kufuatilia kaya kwa 150,000, jumla 1,050,000. Kuuendesha mradi mzima kwa miezi hiyo saba kungegharimu 64,400,000, kwa hiyo unaomba chini ya nusu. Iandike tofauti hiyo waziwazi, kwa maana msomaji wa dokezo hana muda wa kuitafuta mwenyewe.

Sentensi ya mwisho ya aya ile, yenye tarehe ya kufunga, ndiyo inayowaogopesha watafiti, na mara nyingi hunisihi niiondoe. Iache. Nimekaa katika kamati za utafiti za kutosha kujua kwamba mjumbe haogopi kutoa milioni 25. Anaogopa kutoa milioni 25 kisha zikaombwa nyingine, na nyingine tena. Tarehe yako ya kufunga inamwondolea hofu hiyo.

Hatua ya 7: Lipitishe dokezo kwa kila mhusika

Zungumza ana kwa ana na mkuu wa idara kabla ya kumpelekea karatasi. Kisha dokezo lipite kwa Amidi au Rasi wa Ndaki, kurugenzi ya utafiti, na bursa, kwa mpangilio wa chuo chako. Ukimruka mmoja, jalada litarudishwa kwake na utapoteza wiki tatu.

Bajeti za ndani huandaliwa miezi kadhaa kabla ya 1 Julai. Ombi linaloingia wakati huo linaweza kutengewa kifungu, na linaloingia Mei linategemea mabaki. Na kabla hujagonga mlango wa bursa, rejesha masurufu yote, yako na ya timu yako. Nimeshuhudia ombi zuri likisimamishwa kwa ajili ya stakabadhi za mafuta za laki nne ambazo dereva hakuziwasilisha.

Hatua ya 8: Waambie watumishi ukweli

Waite wote siku moja, walau miezi mitatu kabla ya mikataba kuisha. Waambie fedha zinaisha lini, umeomba nini, na nani ana nafasi ya kubaki na nani hana. Mwenye kubahatisha riziki yake kwa fununu za korido huondoka wa kwanza, na anayeondoka wa kwanza kwa kawaida ni yule bora, kwa kuwa ndiye anayetafutwa na wengine.

Kwa mtumishi anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania inataka notisi isiyopungua siku 28 mkataba unapositishwa. Mikataba ya muda maalumu ina masharti yake, na ahadi ya mdomo kwamba "tutaendelea tu" inaweza kumjengea mtumishi tegemeo ambalo sheria italitambua. Pata ushauri wa ofisi ya rasilimali watu kabla ya kikao hicho.

Tahadhari. Usimwache mtu afanye kazi bila mkataba kwa matumaini kwamba atalipwa baadaye. Akipata ajali ya pikipiki akielekea kwenye kaya, hana bima, hana mwajiri, na wewe huna la kumwambia mkewe. Hili nalisisitiza kuliko yote yaliyotangulia.

Hatua ya 9: Zitumie, na uandike

Fedha zikitoka, ziwekewe kasma yake, zisichanganywe na za mradi wa zamani. Toa taarifa fupi kila mwezi hata usipoombwa. Muda wako mwenyewe uende kwenye andiko. Jibu kila hoja ya wahakiki, moja baada ya nyingine, hata ile unayoona imekosewa. NIH inaruhusu andiko lililokataliwa kuwasilishwa upya kama marekebisho mara moja, ndani ya miezi 37. Likikataliwa tena unaweza kulileta kama andiko jipya.

Miezi ya mpito ndiyo pia ya kuandika makala kutokana na data ambazo tayari unazo. Mhakiki akiona makala mawili yaliyochapishwa wakati kundi halina fedha, hahitaji kuambiwa kwamba kundi hilo liko hai.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyashughulikia

*Chuo kimesema hakina fedha.* Uliza kama kinaweza kutoa kitu kisicho fedha taslimu: nafasi katika jokofu la maabara kuu yenye jenereta, mtumishi wa kudumu wa kusoma joto asubuhi na jioni, kupunguziwa vipindi vya kufundisha kwa muhula mmoja ili uandike. Mara kadhaa nimeona vitu hivi vikikubaliwa wiki ile ile ambayo fedha zilikataliwa.

*Mfadhili amesimamisha kila kitu ghafla.* Machi 2021 watafiti wengi walipokea barua za kupunguziwa bajeti baada ya Uingereza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na tafiti zilizogharamiwa na USAID zikaamriwa kusimama. Mei mwaka huo NIH ikatangaza kwamba haitatoa tuzo mpya zinazopitisha fedha kwa washirika wa nje hadi iweke utaratibu mwingine. Ukipata barua ya namna hiyo, hifadhi nakala yake, simamisha matumizi yaliyotajwa siku hiyo hiyo, na uorodheshe madeni yaliyoingiwa kabla ya tarehe ya barua ili uyadai. Kama kuna watu wanaotumia dawa au kifaa cha utafiti, kamati ya maadili iarifiwe mara moja, na usalama wao utangulie mambo mengine yote. Sampuli zifuate, kisha mishahara. Ombi lako la mpito liende siku hiyo hiyo kwa makamu mkuu wa chuo, likiwa na barua ya mfadhili juu yake.

*Ruzuku mpya imeshinda lakini fedha hazijafika.* Hili ni pengo jepesi kuliko yote, kwa sababu una barua ya tuzo. Iombe bursa itangulize fedha kwa dhamana ya barua hiyo. Soma pia masharti ya mfadhili: NIH inaruhusu gharama zilizoingiwa hadi siku 90 kabla ya tarehe ya kuanza kutozwa kwenye ruzuku mpya, mradi zingekubalika kwa kawaida na chuo kimekubali kubeba hasara iwapo tuzo haitatoka.

*Mwanafunzi wa uzamivu yuko katikati.* Mtenganishe na mradi katika dokezo lako. Ada na posho yake viombwe kurugenzi ya masomo ya uzamili, naye abadilishiwe sura za tasnifu ili zitegemee data zilizokwisha kukusanywa. Asisubiri uwanda ambao huenda usirudi.

*Tarehe ya kufunga imefika na hakuna tuzo.* Funga kweli. Hamishia sampuli kwenye hifadhi ya taasisi pamoja na orodha yake kamili na nakala za fomu za ridhaa, weka data mahali ambapo mtu mwingine ataweza kuzisoma bila kukupigia simu, waandikie wasaidizi barua za utambulisho zenye kutaja ujuzi wao mmoja mmoja, na urudi kwa viongozi wa vijiji kuwaeleza kwamba ziara zimesimama na kwa nini.

*Ruzuku imekuja mapema na fedha za mpito zimebaki.* Mwandikie bursa ndani ya wiki hiyo, ukitaja kiasi kilichobaki na kasma kilipo, kisha ukirudishe chote.